Dhahabu ya kuchovya ikikwaruzika: kwa nini usikimbilie kuisugua

Harusi inapokaribia, iwe ni Arua mjini au Koboko, masanduku ya akina mama hufunguliwa. Bangili, mikufu, vipuli na pete zilizofungwa kwenye leso tangu sherehe iliyopita hutandazwa juu ya mkeka, na hapo ndipo kasoro huonekana: mstari mwekundu umeikata bangili, kingo za pete zimefifia, mkufu umeingia weusi kwenye viungo vyake. Linalofuata linajulikana katika nyumba nyingi. Mmoja huleta dawa ya meno, mwingine majivu, wa tatu limau na magadi. Bangili husuguliwa hadi ikang'aa, ikavaliwa, ikasifiwa. Baada ya wiki chache imegeuka kuwa ya kahawia, na safari hii hakuna kusugua kutakakoirudisha.

Waliofanya hivyo hawakukosea kwa uzembe. Walitumia njia iliyozoeleka kwa sufuria na kwa vyombo vya shaba, ambavyo ni vya madini yale yale kutoka juu hadi ndani. Kipambo cha kuchovya si cha namna hiyo. Mng'ao wake wote umebebwa na utando mwembamba wa juu, na kila anayeusugua anauondoa.

Utando huo ni mwembamba kiasi gani?

Mafundi hupima unene wa dhahabu ya kuchovya kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Vipambo vingi vya bei nafuu vinavyouzwa sokoni vina dhahabu isiyofika mikroni moja. Nchini Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho hukiruhusu kipambo kuitwa cha kuchovywa dhahabu kwa umeme iwapo utando wake una angalau mikroni 0.175, fedha iliyochovywa dhahabu nzito hutakiwa kuwa na mikroni 2.5. Hata hiyo inayohesabiwa nzito ni nyembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi.

Tuchukue bangili yenye upana wa sentimita moja na mzunguko wa sentimita 20. Ukihesabu ndani na nje, eneo lake ni kama sentimita 40 za mraba. Ikichovywa kwa unene wa nusu mikroni, dhahabu yote iliyoitumia haifiki sehemu nne za mia za gramu. Ndiyo sababu mwenye duka la dhahabu huirudisha bangili ya namna hiyo bila hata kuiweka kwenye mizani. Anachokirudisha ni shaba yenye koti.

Chini ya koti hilo mara nyingi kuna shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Pengine ni shaba nyekundu tupu, chuma kisichoshika kutu au, kwa vipambo bora zaidi, fedha. Watengenezaji makini huweka kwanza tabaka la nikeli au madini mengine kati ya shaba na dhahabu, kwa sababu chembe za shaba hupanda polepole kupitia dhahabu nyembamba na kufika juu, ambako hukutana na hewa na jasho na kuwa nyeusi. Kwa hiyo hata kipambo ambacho hakijaguswa na mtu kinaweza kufifia kikiwa sandukuni.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Mwaka 1805 mwanasayansi wa Italia, Luigi Brugnatelli, alifanikiwa kuifunika fedha kwa dhahabu akitumia umeme wa betri iliyobuniwa na Alessandro Volta. Mwaka 1840 familia ya Elkington, katika jiji la Birmingham nchini Uingereza, ilipata hataza ya njia iliyofungua biashara hiyo kwa viwanda. Kabla ya hapo mafundi waliyeyusha dhahabu katika zebaki, wakaipaka juu ya shaba, kisha wakaichoma zebaki hadi ikawa mvuke. Mvuke huo huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Zebaki hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika ukanda wetu, na yeyote atakayekuambia kwamba anaweza kukupakia dhahabu kwa zebaki nyuma ya nyumba yake, mwache na zebaki yake.

Jua kwanza ulichonacho

Arua haikosi dhahabu ya kweli. Ng'ambo ya mpaka, katika Ituri na Haut-Uélé, dhahabu imechimbwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Majina ya Kilo, Moto na Mongbwalu yanajulikana kwa wafanyabiashara wa Ariwara kama yanavyojulikana majina ya masoko. Pamoja nayo hupita bidhaa za madukani kutoka Kampala na nchi za Ghuba, zikiwamo seti za harusi za kuchovya zinazong'aa kuliko dhahabu yenyewe. Mtaa mmoja unaweza kuwa na vyote viwili, na lugha ya muuzaji haitofautishi sana.

Tafuta alama kwa kioo cha kukuzia, ndani ya pete au karibu na kifungo cha mkufu. Namba 916 ni dhahabu ya karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14 na 375 ni karati 9. Namba 925 ni fedha. Ukiiona juu ya kitu cha rangi ya dhahabu, basi ni fedha iliyochovywa. Herufi GP, GEP au HGE zinasema wazi kwamba ni ya kuchovya. Alama kama 1/20 14K GF ina habari njema kidogo: dhahabu ya karati 14 imegandamizwa juu ya madini mengine kwa joto na nguvu, na dhahabu hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wote. Utando wa aina hiyo ni mnene mara nyingi kuliko wa kuchovya, na huvumilia miaka. Hata hivyo alama hugongwa kwa nyundo na mkono wa mtu, na mkono wa mtu unaweza kusema uongo.

Sumaku haitoshi kuwa shahidi. Kipambo kikivutwa na sumaku, mwili wake si dhahabu. Kisipovutwa hujajua lolote, kwa kuwa shaba pia haivutwi.

Mizani inasema zaidi. Dhahabu ni nzito mno kwa ukubwa wake: ya karati 22 ina uzito wa karibu gramu 17.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, ilhali shaba ya manjano ina gramu 8.5 hivi. Pima bangili ikiwa kavu kwenye mizani ndogo yenye kuonyesha sehemu za gramu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe namba kwenye sifuri, na uizamishe bangili kwa uzi bila kuiacha iguse ukingo wala chini. Namba itakayoonekana ni ujazo wake. Bangili ya gramu 17 ikionyesha mbili, ni shaba. Ikionyesha chini kidogo ya moja, una sababu ya kutabasamu. Kipimo hiki hakifai kwa kipambo chenye mawe au chenye uwazi ndani.

Sonara naye ana jiwe lake jeusi na tindikali. Husugua kipambo juu ya jiwe, kikaacha mstari, kisha hudondoshea tindikali mstari huo. Lakini kwa kipambo cha kuchovya mstari wa kwanza hutoka kwenye koti, kwa hiyo fundi mwaminifu hukuomba ruhusa ya kukikwangua kidogo mahali pasipoonekana kabla ya kupima. Akikuomba hivyo usiudhike. Hapo anafanya kazi yake.

Mkwaruzo wa juu na mkwaruzo wa ndani

Ukishajua kwamba kipambo ni cha kuchovya, angalia mkwaruzo wenyewe mchana, karibu na dirisha. Kama rangi ndani ya mstari ni ile ile ya dhahabu, utando haujapasuka, umebonyea tu. Mkwaruzo wa namna hiyo hauna dawa ya nyumbani, na hauhitaji dawa. Kitambaa laini cha pamba, kikavu na safi, hupunguza ukungu unaouzunguka, na mstari wenyewe hubaki.

Kama ndani ya mstari kuna wekundu, weupe au weusi, koti limekatika na mwili umeonekana. Hapo jasho na hewa vimepata mlango. Weusi utaenea pembeni, chini ya utando ambao bado ni mzima, na ndipo dhahabu huanza kubanduka kama rangi ya ukuta uliolowa.

Dawa ya meno hutiwa unga mgumu wa kusugulia ili iondoe ukoga kwenye meno, na jino ni gumu kuliko dhahabu. Majivu yana mchanga ndani yake. Limau na siki ni tindikali. Dhahabu haizijali, lakini shaba huzijali sana, na hupenya kupitia tundu ndogo zilizo kwenye utando na kula kutoka chini. Dawa ya kufulia yenye klorini ina madhara kama hayo, na inaweza kudhuru hata dhahabu ya karati ndogo. Kusugua kwa vitu hivi hung'arisha kwa sababu mbili: huondoa uchafu, na huichubua shaba ikawa mpya. Shaba mpya hufanana na dhahabu kwa siku chache. Mng'ao uliosifiwa pale harusini pengine ulikuwa wa shaba.

Kuosha kunakofaa ni kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo. Kitumbukize kipambo kwa dakika chache, kipitishie kidole au mswaki laini wa mtoto kwenye kona zake, suuza kwa maji safi, kisha kibonyeze kwa kitambaa hadi kikauke kabisa. Chenye mawe ya kubandikwa kwa gundi au lulu kisilowekwe. Pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Vumbi la kiangazi

Mavazi na vito vina adui mmoja hapa ambaye vitabu vya nchi za baridi havimtaji. Kuanzia Desemba hadi Machi vumbi jekundu la West Nile huingia kila mahali, hata ndani ya sanduku lililofungwa. Ndani ya vumbi hilo kuna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko dhahabu mara dufu kwa vipimo vya wataalamu wa miamba. Mtu anayerudi kutoka safari ya Koboko kwa pikipiki, akaifuta bangili yake kwa ncha ya leso kavu, ameifanyia kazi ya msasa bila kujua. Vumbi lipulizwe au lisuuzwe kwa maji kwanza, ndipo kitambaa kifuate.

Mvua zikianza shida hubadilika. Unyevu na jasho hufanya kazi yao kimya kimya. Chukua mfuko mdogo wa plastiki wenye kufungika, weka kipambo kimoja kwa kila mfuko, toa hewa, na kama unacho kile kifurushi kidogo cha punje za kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya, kitie humo. Kuchanganya seti nzima katika kopo moja ndicho chanzo cha mikwaruzo mingi kuliko kuvaa kwenyewe.

Manukato, mafuta ya kupaka na hina vitangulie, vikauke, ndipo vito vivaliwe. Na wakati wa kuvua, vito viwe vya kwanza. Pete ya kuchovya isikae kidoleni wakati wa kufua, kukanda unga, kulima au kushika chumvi. Tukisema kweli, pete ya kuchovya si ya kila siku. Kipuli cha kuchovya kinaweza kudumu miaka mingi kwa sababu hakiguswi na chochote; pete hugusa kila kitu.

Fundi anaweza kufanya nini

Kipambo kilichokwaruzwa hadi ndani hurudishwa kwa njia moja tu ya kweli, nayo ni kuchovywa upya. Kazi ina mpangilio wake. Kama kuna kiungo kilichokatika, hulehemiwa kwanza, kwa kuwa moto huunguza utando na kuubadilisha rangi. Kisha kipambo hung'arishwa hadi mkwaruzo uishe katika shaba yenyewe. Dhahabu hufuata umbo la kilicho chini yake, na fundi anayechovya bila kusawazisha atakurudishia mkwaruzo ule ule ukiwa na rangi mpya. Baada ya hapo huondolewa mafuta yote, hata alama ya kidole, na hupewa tabaka la chini. Mwisho hufungwa kwenye waya wa upande hasi wa umeme wa volti chache na kuzamishwa katika maji yenye chumvi ya dhahabu. Utando mwembamba hujengeka kwa sekunde au dakika chache. Ukitaka mnene zaidi unalipia muda na dhahabu.

Maji hayo ya dhahabu ndiyo sababu ya kutofanya kazi hii nyumbani. Mengi hutengenezwa kwa sianidi, sumu inayoua kwa kiasi kidogo sana, na yakichanganyika na tindikali hutoa hewa inayoua kwa kuvutwa tu. Chupa zake hazipaswi kukaa jikoni, karibu na limau na siki, wala mahali mtoto anapoweza kufika.

Si kila anayelehemu mikufu ana vifaa vya kuchovya. Muulize moja kwa moja kama anafanya mwenyewe au anapeleka Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, kwa sababu kipambo kinachopita mikono mitatu kinahitaji maandishi. Muulize atatumia mikroni ngapi na dhahabu ya karati ngapi, maana rangi ya karati 22 na ya karati 14 hazilingani, na kipuli kimoja kikichovywa upya peke yake kinaweza kumwonea haya mwenzake.

Muulize pia kuhusu nikeli. Watu wengi ngozi yao huikataa: masikio huwasha, hutoka malengelenge, na kila mara nikeli inapogusa ngozi tena shida hurudi. Umoja wa Ulaya uliweka mipaka ya nikeli katika vito kwa sheria ya mwaka 1994. Kijani kinachobaki kidoleni baada ya kuvaa pete ni jambo jingine. Hiyo ni shaba iliyokutana na jasho, huoshwa kwa sabuni na si ugonjwa. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo wengi huipaka upande unaogusa ngozi, husaidia kwa siku chache. Juu ya mkwaruzo haisaidii, kwa kuwa hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka vipande vipande.

Kwa watoto wadogo tahadhari iwe kubwa zaidi. Vipambo vya bei ya chini kabisa huweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu chini ya koti, na koti lililokwaruzwa huyaacha wazi. Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kumeza kidani ambacho karibu chote kilikuwa risasi. Cheni iliyochubuka isiwe kitu cha mtoto mchanga kunyonya.

Mahari iandikwe inavyopasa

Hasara ya mkwaruzo wakati mwingine huwa ni habari tu iliyochelewa kufika. Mke amekitunza kipambo miaka kumi akijua ni dhahabu ya mahari, haki yake katika ndoa ya Kiislamu na akiba yake ya siku mbaya. Siku ya ada za shule au ya hospitali anakipeleka dukani, na mstari mwekundu juu yake unamweleza alichopaswa kuambiwa siku ya ndoa. Kuchovya si aibu, na wengi huafikiana nako kwa sababu uwezo ndio huo. Kinachodhulumu ni neno moja, dhahabu, kuachwa peke yake. Wazazi na mashahidi wanapoorodhesha vilivyotolewa, kila kimoja kiandikwe karati yake na gramu zake, au kiandikwe kwamba ni cha kuchovya. Vivyo hivyo risiti ya duka.

Kuna vipambo ambavyo havistahili gharama ya kuchovywa, na mwenyewe ndiye anayejua vipi. Bangili ya marehemu mama inaweza kustahili hata kama shaba yake haina bei. Seti iliyonunuliwa kwa ajili ya siku moja huenda isistahili. Kati ya hayo mawili ipo njia ambayo watu huisahau: kumwomba fundi aondoe dhahabu iliyobaki, aing'arishe shaba na kuipaka vanishi. Bangili ya shaba safi, ikisuguliwa mara kwa mara, haina koti la kupoteza.

Kabla ya kumkabidhi fundi, piga picha ya kila kipambo pande zote mbili, hesabu mawe, pima uzito mbele yake na uandikwe kwenye risiti pamoja na bei mliyokubaliana. Kikirudi kipimwe kwenye mizani ile ile. Dhahabu iliyoongezwa ni ndogo mno kuonekana kwa gramu, na shaba iliyopungua kwa kung'arishwa ni kidogo pia. Kwa hiyo namba mbili zinapaswa kukaribiana sana. Zikitofautiana kwa gramu nzima au zaidi, muulize papo hapo, kabla hujalipa salio.